Nilivyogoma Kula kwa Wathai Kule Dubai

Tangu nirudi, swali ni lile lile: "Mwalimu, mbona umerudi peke yako?" Mama Wekesa ameniuliza langoni hata kabla sijateremsha mizigo. Dina ameniuliza kanisani, katikati ya wimbo, ananinong'oneza kana kwamba Mungu hasikii. Nimechoka kusimulia vipande vipande, maana kila kipande nikikitoa asubuhi, jioni nakisikia sokoni kimeshatiwa chumvi. Kwa hivyo nimeandika. Someni kwenye kikundi chetu siku ya Jumatano kwa zamu, na mwenye swali anyoshe mkono.

Mnakumbuka nilivyoondoka. Nilisimama mbele yenu wote nikasema kwamba nikimkuta Nekesa wangu anateswa, tutarudi wawili, hata ikinibidi kumbeba mgongoni. Mkaniombea, mkalia, mkanipa unga wa wimbi kilo nne nimpelekee.

Na picha mliiona. Ile aliyotuma akiwa ameshika sahani ya mchuzi mwekundu, anacheka, mkono wa shati umepanda kidogo, na hapo juu ya kiganja pana alama ndefu nyeusi, kama mtu aliyechomwa na pasi. Nilipompigia nikamuuliza, akasema, "Ni kivuli, mama." Kivuli! Miaka thelathini na moja nimefundisha darasa la nne, mtoto akidanganya namjua hata akiwa nyuma ya mlango. Yeye alikuwa ameniambia anafanya kazi ya mapokezi katika mkahawa wa Wathai. Sasa mtu wa mapokezi anaungulia wapi?

Jambo moja zaidi, kisha tuondoke. Nekesa alipomaliza diploma yake ya ukatibu akakosa kazi, alianza kukaanga chapati katika kile kihoteli cha stendi. Mimi nilimfuata pale pale mbele ya wateja nikamwambia, "Sikukusomesha uje kunusa moshi!" Ninyi mlinisifu. Mlisema huyo ndiye mzazi. Liwekeni hilo akilini, tutalirudia.

Kimilili hadi Nairobi

Basi lilichemka tukiwa Timboroa. Dereva akafungua boneti, moshi ukatoka, abiria wote tukateremka kwenye baridi ile inayouma mpaka kwenye meno. Tulikaa hapo saa tatu. Akaja mama mmoja na mahindi ya kuchoma, tukamnunulia yote, na kila aliyekula akawa anatoa maoni yake kuhusu injini.

Jirani yangu wa kiti alikuwa fundi viatu, mtu mpole mwenye kofia ya sufu. Aliposikia naenda Dubai kumwona binti, alitafuna mahindi yake yote mpaka kwenye gunzi. Halafu akasema, "Dada, binti wa binamu yangu alirudi kutoka nchi za huko. Haongei."

"Haongei vipi?"

"Haongei tu. Anakaa."

Kuanzia hapo mahindi hayakunishuka tena. Nilimpa hindi langu nusu mtoto wa watu, nikaangalia miti mpaka basi likapona. Nairobi nilifika nimeshajiona nimekaa na Nekesa barazani, na mimi namwongelesha naye haongei.

Nairobi hadi Dubai

Ndege ilichelewa saa tano. Sababu haikutajwa. Walitupa wali na kuku katika visanduku, kuku mwenyewe paja la njiwa. Nilikula kwa sababu nilijua sitakuwa na nguvu za kupigana na waajiri wa mtu nikiwa na njaa.

Yaliyonikuta ni kule tuliposhuka. Niliitwa pembeni na kijana wa forodha, amevaa glavu, ndevu zimekatwa kwa rula. Akafungua sanduku langu, akautoa ule unga wenu wa wimbi, akauinua juu kwenye mwanga.

"Madam, what is this?"

"Porridge," nikamwambia.

Akaangalia unga, akaniangalia mimi. Unga wetu mnaujua, rangi yake ni kama udongo wa kichuguu cha mchwa. Akamwita mwenzake. Mwenzake akamwita mkubwa. Wakatoboa mfuko, wakanusa, wakaulizana kwa Kiarabu. Nyuma yangu foleni inanung'unika, na mimi nawaza Nekesa yuko nje ya mlango ule ameungua, hawa wanacheza na uji. Hasira zikanipanda. Nikachota unga kiganja kizima nikautia mdomoni, mkavu vile vile, wauone kwamba ni chakula.

Msijaribu. Ulinipalia nikakohoa, na wingu la wimbi likatua juu ya sare nyeupe ya yule mkubwa. Kijana wa ndevu alikimbia kuniletea maji. "Khalas, mama, khalas! Go, go!" Nikabeba unga wangu nikaenda, nakohoa, nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

Na hivyo ndivyo mwanangu alivyonipokea baada ya miaka mitano. Alinikumbatia akacheka akalia, yote pamoja. Alikuwa amenenepa kidogo, na hilo lilinifariji. Lakini nywele zake zilinuka kitunguu saumu. Na katika joto lile, joto linalokupiga usoni kama mvuke wa sufuria, Nekesa alikuwa amevaa blauzi nyeusi ya mikono mirefu, imefungwa vifungo mpaka kwenye viganja.

Siku tatu Silicon Oasis

Anakaa sehemu inaitwa Silicon Oasis, mbali na mji, majengo mapya mapya na mchanga katikati. Chumba anagawana na Akinyi, msichana wa Siaya anayelinda jengo la ofisi huko huko. Mtoto mzuri, anasali, anakunja blanketi lake. Nilipewa kitanda cha Nekesa, wao wakalala wawili.

Siku tatu zile sikupata amani. Nekesa aliondoka saa tatu asubuhi na kurudi nikiwa nimelala. Nguo za mikono mifupi hana hata moja. Nilikagua kabati, sioni aibu kusema. Siku ya pili nilimshika mkono ghafla tukiwa tunakunywa chai, akashtuka akauvuta, chai ikamwagika.

"Nekesa, nani anakufanya nini?"

"Hakuna, mama. Kunywa chai."

Nikamgeukia Akinyi. Akaangalia sakafu. "Mama, mimi niliapa sitasema. Muulize mwenyewe."

Aliapa! Niambieni, ninyi mngelala? Nilikaa kitandani nikafunga sanduku langu, nikalifungua, nikalifunga tena, napima kama nguo zake zitaingia pamoja na zangu.

Usiku huo huo Nekesa akanishika bega. "Alhamisi uje kazini kwangu, mama. Al Mankhool. Utakula, halafu nitakueleza kila kitu. Lakini ule kwanza."

Nikamjibu sawa. Moyoni nikasema, kwani hicho chakula ni cha kunilegeza?

Kwa reli, na jinsi nilivyotokea Al Ras

Alhamisi Akinyi ndiye angenipeleka, lakini aliitwa kazini ghafla. Akaniandikia njia kwenye karatasi: basi mpaka Rashidiya, kisha treni, shuka BurJuman, mkahawa uko karibu hapo. Akataka nimsubiri. Nikamwambia nimevuka Nairobi peke yangu akiwa hajazaliwa.

Treni yenyewe haina dereva. Nilitafuta mtu mbele, sikumwona, nikamkabidhi Mungu. Kuna behewa la wanawake peke yao, safi kama hospitali, na mimi kwa woga nikatoa njugu zangu za Kimilili nikaanza kutafuna. Maganda nikiyaweka mkobani, sikutupa hata moja. Akaja msichana wa sare akasimama juu yangu. Hakuna kula ndani ya treni, madam, kuna faini. Alisema kwa upole, ila behewa zima liligeuka kunitazama. Mimi, mwalimu, niliyewachapa watoto kwa kula njugu darasani.

Nilishikwa na aibu nikashuka kituo kilichofuata bila kuangalia jina. Nikafuata watu, nikateremka ngazi, nikapanda treni nyingine. Kumbe ni reli nyingine. Nikasubiri jina la BurJuman lisikike, kimya. Kituo cha kwanza, cha pili, na cha tatu, Al Ras, nikaona hapana, nikashuka.

Nilitokea juu kwenye vichochoro vya maduka ya viungo. Magunia ya iliki, mdalasini, pilipili nyekundu zilizokauka mpaka zinalia ukizigusa. Wachukuzi wanasukuma mikokoteni wakipiga kelele tupishe, na mimi nimesimama katikati na karatasi. Simu yangu haikuwa na salio la huko. Nikaanza kulia, siwafichi.

Hapo ndipo nikasikia sauti ya mwanamke. "Usinletee nyanya kama zile za jana, zilikuwa zishaoza, hata kuku hali! Wallahi nitazirudisha!"

Kiswahili! Tena kinachotiririka. Alikuwa mama wa makamo ya juu, amevaa buibui, ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa duka la viungo, anagombana na simu. Nikamwendea karibu nimkumbatie.

"Shikamoo, mama!"

Akaishusha simu. "Marahaba. Hee, kwani miye nimezeeka hivyo?" Kisha akaniona machozi. "Kaa kitako, mwenzangu. Kaa kwanza."

Huyo ndiye Bi Zuwena. Wazazi wake ni Waunguja, yeye aliletwa Dubai akiwa mdogo, na duka ni la mumewe. Alinipa kahawa chungu na haluwa, akanisikiliza bila kunikatiza. Nilipotaja mkahawa wa Wathai wa Al Mankhool na jina la Nekesa, akapiga paja.

"Yule binti mrefu Mkenya? Namjua! Huja hapa kila Jumanne, yeye na mzee mmoja wa Kithai. Kununua pilipili. Basi yule mzee hachukui hata punje moja mpaka binti anuse kwanza. Akikataa, mzee anarudisha. Wameshibana wale, we!"

Nikaweka kikombe chini. "Mzee wa umri gani?"

"Wetu sisi."

Nikaona yote. Mzee. Wanatembea pamoja. Mikono imeungua, imefichwa. Rafiki ameapishwa. Na mimi naitwa kwenda kula kwanza, halafu nielezwe. Mwanangu ameolewa na mzee wa Kithai anayemchoma, na leo napelekwa kukalishwa mezani kwake.

"Mbona umebadilika rangi?" Bi Zuwena akauliza.

"Nipeleke huko," nikamwambia. "Tafadhali. Sasa hivi."

Akamwachia mumewe duka, akasimamisha teksi.

Al Mankhool, mezani

Mkahawa uko chini ya jengo la hoteli, mdogo, meza labda kumi na mbili. Kwenye kaunta alikaa mwanamke mfupi wa Kithai aliyesimama upesi kuniinamia. Nekesa akatoka ndani mbio, amevaa ile ile mikono mirefu, jasho kwenye paji la uso. Akashangaa kumwona Bi Zuwena, akatukaribisha wote wawili, akatuketisha dirishani.

Halafu mzee akaja. Mfupi, kichwa cheupe, aproni. Akaunganisha viganja mbele ya uso akainama mbele yangu. "Mama! Mama!" Akasema maneno.

"Anakuuliza kama umekula," Nekesa akatafsiri.

Nani humuuliza mgeni hivyo? Baadaye nilielezwa kwamba kwao ndiyo hujambo. Mimi niliona mtu ananiharakisha kwenye sahani.

Akarudi na bakuli la supu linatoa moshi, mchaichai unanukia mpaka mlangoni. Kabla hajaliweka mezani, akachota kwa kijiko, akampa Nekesa aonje. Kijiko kutoka mkononi mwake, mbele yangu mimi mama mzazi! Nekesa akaonja, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo mzee akaweka bakuli, akamletea na Bi Zuwena lake. Nekesa akasema anarudi sasa hivi, akaingia ndani na yule mzee nyuma yake.

Ninyi mnajua kwetu. Mama mzazi hali chakula cha mkwe kabla watu hawajakaa chini wakazungumza. Ukila, umekubali. Ukimega tonge moja tu, huna tena mdomo wa kusema hapana. Kwa hivyo nilisukuma bakuli kando, nikakunja mikono.

Bi Zuwena alishauliza kama nyama ni halali, akaambiwa ni halali, na sasa alikuwa kijiko cha tatu. "Mbona huli?"

"Siwezi. Huyu mzee anataka kuwa mkwe wangu."

Alipaliwa na supu. "Amekwambia nani?"

"Nina macho."

Mwanamke wa kaunta aliona bakuli langu halijaguswa, akaenda kusema ndani. Punde mzee akachungulia mlangoni, uso umemshuka. Wakadhani ni pilipili. Ikaja supu nyingine, nyeupe, ya tui la nazi. Nikakunja mikono. Akaja samaki mzima na tangawizi. Nikatazama dirishani. Zikaja tambi zenye karanga, akaja kuku na majani ya rihani, na kila sahani ikija pilipili inapungua, meza imejaa hadi glasi hazina pa kukaa, na mimi nimekaa kama mshtakiwa. Mwishowe wakaleta wali na yai la kukaanga. Yai! Kama la kumbembeleza mtoto mgonjwa.

"Mwenzangu, utawaua watu kwa huzuni," Bi Zuwena akasema, huku akivuta samaki upande wake. "Basi onja yai. Yai halijaoa mtu."

"Sili."

Mwanamke wa kaunta alikuwa amekaa sasa, anajifuta macho kwa kitambaa. Hata mimi moyo uliniuma. Lakini nilifikiria ule mkono kwenye picha nikabana midomo.

Ndipo nikasikia kinu.

Kilikuwa jikoni, mtu anatwanga. Mara tatu katikati, kisha mara moja ukingoni kuangusha kilichoganda. Tu, tu, tu, ka. Tu, tu, tu, ka. Marehemu mama yangu ndivyo alivyotwanga ufuta maisha yake yote, mchi ukingoni kila mara ya nne, mpaka majirani walikuwa wakimtania kwamba anabisha hodi. Mimi mwenyewe sikuwahi kuuweza mdundo ule. Katika ukoo mzima alimwachia mtu mmoja, mjukuu aliyeshinda naye jikoni likizo zote.

Nilisimama. Bi Zuwena akasema, "Wapi tena?" Nikasukuma mlango wa jikoni.

Moto ulikuwa unaruka juu ya karai mpaka nikarudi nyuma hatua. Vijana wawili wanakatakata, mmoja anaosha. Yule mzee amekaa kwenye gunia la mchele, mikono magotini, hafanyi chochote. Na katikati, mbele ya kinu cha udongo, amesimama mwanangu, mikono ya blauzi imekunjwa juu ya viwiko, anatwanga papai bichi na pilipili, na huku anawaamrisha wale wanaume kwa Kiingereza na Kiarabu. "Yalla, ndimu! Wapi ndimu yangu?" Na wao wanajibu, "Yes, chef," na kukimbia.

Mikono ilikuwa na alama kutoka viganjani hadi viwikoni. Ndefu, fupi, za zamani, mpya. Aliponiona, mchi ulimponyoka.

"Nani amekuchoma?" nikamuuliza.

"Karai, mama. Karai na mafuta. Sote tuko hivi." Wale vijana, maskini, wakainua mikono yao kunionyesha, kama darasa.

"Na huyu mzee?"

"Mzee Somchai? Ndiye aliyenifundisha. Mkewe ndiye huyo kaunta. Wanarudi kwao kwa wajukuu wao mwisho wa mwaka, na jiko wananiachia mimi. Tajiri, mwenye mkahawa, alikataa, akasema nani atakula Kithai kilichopikwa na Mwafrika. Mzee akampikia sahani moja, mimi nikampikia nyingine, akamwambia achague. Akachagua yangu." Akaelekeza kidole mlangoni. "Hata zile za mezani. Zote nimepika mimi, mama. Zote sita umekataa."

Nikamwambia, "Miaka hii yote unaniambia mapokezi."

Nekesa alikuwa na miaka ishirini na tisa siku ile, lakini aliniangalia kama wa darasa la nne. "Ulisema hukunisomesha nije kunusa moshi."

Wenzangu, niliyasema hayo. Niliyasema kwa sauti, mbele ya watu, na mkanipigia makofi. Mtoto akavaa mikono mirefu katika joto la jehanamu miaka mitano ili mama yake asiaibike. Mtesaji niliyesafiri kumtafuta, nilikuwa nimetoka naye Kimilili kwenye basi moja.

"Niliyasema vibaya," nikamwambia. "Nayafuta. Mbele ya watu kama nilivyoyasema." Wale vijana hawajui Kiswahili, lakini waliacha kukata.

Nekesa akanijia tukashikana, jasho na kitunguu saumu na machozi. Niliishika mikono yake nikaipapasa alama moja moja, na safari hii hakuivuta. Sijui niwaelezeje ile pumzi iliyonitoka. Tangu ile picha nilikuwa sijapumua mpaka chini.

Kisha ikabidi nimwambie Nekesa kwa nini niligoma kula. Naye akamweleza mzee Somchai kwa lugha yao. Naam, anaiongea, kama maji. Mzee alisikiliza, macho yakamtoka, akacheka mpaka akateleza kwenye gunia lake. Mkewe akaitwa aelezwe, akampiga mumewe kwa kitambaa kichwani, mara mbili, akaja akanikumbatia mimi.

"Sasa mama atakula nini?" Nekesa akauliza. "Nikupashie lile yai?"

"Yai wape wagonjwa," nikasema. "Nataka hicho kilicho kwenye kinu. Na usipunguze kitu. Kama wanavyokula wenyewe."

Akaninyoshea sahani. Papai bichi, karanga, ndimu, samaki mkavu, na pilipili ambayo simtakii hata adui. Nilirudi mezani nikala yote. Nililia, na msije mkanisingizia pilipili, nililia kwa sababu ni tamu na ni mwanangu. Bi Zuwena alikuwa amemaliza samaki.

"Enhe," akasema. "Harusi lini?"

Kurudi

Siku zilizobaki nilikwenda na Nekesa kazini kila siku. Nilikaa jikoni kwenye kigoda nikawamenyea vitunguu saumu, na nikawapikia uji wa wimbi, ule uliobaki baada ya forodha. Mzee Somchai alikunywa vikombe viwili akauliza kama unaweza kutiwa tui la nazi. Unaweza. Nitawaonyesha Jumatano. Bi Zuwena alikuja mara mbili, ati kunisalimu, na mara zote mbili ilikuwa saa ya chakula.

Kuhusu safari ya kurudi sina la kusema. Ndege iliondoka kwa wakati wake, basi halikuchemka, na nililala njia nzima kama mtoto aliyeshiba. Yule fundi viatu nilimtafuta stendi nimwambie wangu anaongea, tena anafoka, sikumpata.

Kwa hivyo msiniulize tena. Nilisema tutarudi wawili nikimkuta anateswa, na sikumkuta anateswa. Ndiyo maana nimerudi peke yangu.

Asubuhi ya kuondoka, Nekesa alinisindikiza uwanja wa ndege. Alikuwa amenunua blauzi mpya ya njano, ya mikono mifupi. Watu wawili watatu waliokuwa kwenye foleni waliitazama mikono yake, nami nikawatazama wao mpaka wakageuka. Nilipofika mlangoni nikaangalia nyuma. Alikuwa ameinua mkono juu kabisa, ananipungia, na hakuushusha mpaka nikaingia.